Mstari wa Masale

Mwaka ule tulipanda mashina thelathini na nane ya masale nyuma ya nyumba ya Kijenge ili shina moja lisionekane. Chini ya shina hilo moja alikuwa amelala mtoto wa shangazi yangu, msichana aliyeishi siku tisa. Nyumba ilikuwa inauzwa, na hakuna aliyekuwa tayari kununua nyumba yenye kaburi uani. Mpango wa kupanda ulikuwa wa shangazi mwenyewe. Kilichotokea baadaye kilikuwa changu.

Naandika haya kwa sababu Shangazi Ndeshi amefariki. Tumemzika Marangu, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mume wake, na wiki chache kabla ya kufa alimwambia mwanawe Godlisten maneno ambayo Godlisten alinisomea kutoka kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa aliogopa kuyasahau: “Una dada. Yuko Arusha. Mtamleta alale na mimi. Mahali alipo muulizeni Aika, ameandika.” Godlisten ana mvi sasa, na alikuwa hajawahi kusikia kwamba ana dada. Alinipigia simu akiwa kwenye korido ya hospitali, nasikia magurudumu ya kitanda yakipita nyuma yake. Hakuuliza dada gani, wala kwa nini alifichwa. Aliuliza, “Dada Aika, ni kweli umeandika?” Nikamwambia ni kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipopelekwa kukaa kwa shangazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na ninasubiri matokeo, na yeye alikuwa amepunguzwa kazi. Ndilo neno lililotumika miaka ile, kupunguzwa, kama vile mtu ni pindo la gauni. Kiwanda alichofanyia ukarani kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe mpya, na wale ambao hawajapunguzwa walikuja kumpa pole wakiwa na nyuso za watu wanaokagua kitanda watakacholazwa wenyewe. Mjini kila kitu kilikuwa kimeanza kupatikana. Sabuni tuliyoipangia foleni nilipokuwa mdogo ilikuwa imerundikwa milangoni mwa maduka hadi inazuia njia. Watu waliokwenda machimbo ya vito ya Mererani na sururu walirudi na pikapu. Na walionunua nyumba hawakuwa tena walimu na makarani, walikuwa watu wa mawe, watu wa mitumba, watu wa watalii. Shangazi alikuwa mjane wa miaka miwili. Alitaka kuuza nyumba, arudi Marangu, ajenge kwenye kipande alichoachiwa na mume wake Eliamani, afungue duka. Godlisten alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, na tangu siku ya kwanza nilikuwa na daftari la jalada la bluu ambamo niliandika kazi za kila siku, kwa kuwa ndivyo nilivyo, siamini kwamba jambo limefanyika mpaka liandikwe.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya sementi nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikawa inaonyesha miguu ya viti. Silingi bodi ya sebuleni ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Jiko la kuni lilikuwa nje, nyuma, na baada ya jiko kulikuwa na banda la ng’ombe mmoja wa kufungia, halafu uwanja mtupu, halafu uzio wa waya. Masale yalikuwa pale kwenye uwanja, hatua mbili kabla ya kufika kwenye waya, shina moja nene lenye majani marefu ya kijani, peke yake, halina sababu. Nilidhani ni pambo lililosahauliwa. Niligundua tu kwamba shangazi alipomwaga maji ya kuoshea vyombo alitembea mpaka upande wa pili wa uwanja, hata mvua ikinyesha.

Dalali aliitwa Bwana Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mtu mrefu aliyevaa koti la suti juu ya fulana. Ndani ya mkoba wake wa ngozi mlikuwa na futi kamba, funguo za nyumba za watu na sega. Siku ya kwanza alizunguka vyumba vyote akigonga kuta kwa kidole kama daktari, kisha akaketi, akanywa chai yote, ndipo akasema.

“Mama Godi, nyumba yako ni nzuri. Ila inaonekana kama kuna mtu anaishi.”

“Ninaishi mimi.”

“Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mteja akiingia anataka ajione yeye. Sasa huyu akiingia anamkuta mzee.” Akanyoosha kidevu kuelekea picha ya marehemu Eliamani iliyoning’inia juu ya kabati la vyombo, ikiwa na maua ya plastiki kwenye fremu.

“Huyo ndiye aliyejenga,” shangazi akasema.

“Najua, mama. Na amejenga vizuri, Mungu amweke. Lakini tukimwacha hapo atakuwa anamwuliza kila mteja kwamba wewe nani.”

Shangazi alicheka, cheko la kwanza nililolisikia tangu nifike, na siku iliyofuata aliishusha picha mwenyewe. Nyuma yake ukutani palibaki mraba mweupe. Tulipaka rangi, mraba ukarudi. Tulipaka mara ya pili, ukarudi umefifia, na mara ya tatu Bwana Lomayani alisimama mlangoni, akafumba jicho moja, akasema hauonekani. Mimi niliuona mpaka siku ya mwisho. Shangazi naye aliuona, maana alipopita pale akibeba sinia alipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayepisha mwenzake kwenye korido.

Ng’ombe aliuzwa kwa jirani na banda likabomolewa. Vitambaa vya kochi vilivyofumwa na shangazi kwa uzi wa rangi saba viliingizwa sandukuni, kwa kuwa Bwana Lomayani alisema vinamzeesha mteja. Alituambia mapazia ya upande wa kaskazini yawe wazi asubuhi. “Mlima Meru ukionekana dirishani, nusu ya kazi yangu imekwisha. Hatukuujenga sisi, lakini tutauuza.” Alileta mawe ya mviringo kutoka mtoni, akayapanga pande zote mbili za njia ya kuingilia, na mimi nikayapaka chokaa. Na kuhusu chakula alikuwa na sheria kamili. “Siku ya mteja dagaa hapana. Kabichi hapana. Chemsheni mtori, hata kama hamna njaa.”

“Na mteja akitaka kuonja?” shangazi akauliza.

“Mpe bakuli. Mtu akishakula kwako anaona aibu kukupunja.”

Nilikula mtori mwingi mwaka ule kuliko mwaka wowote mwingine wa maisha yangu, na hadi leo harufu ya ndizi na nyama vikichemka pamoja hunifanya nisikilize kama kuna gari limesimama nje. Wateja walikuja. Walisifu sakafu, walisifu mlima, walikula. Kisha walitoka nyuma kuona uwanja. Wa kwanza walikuwa walimu, mume na mke, Wachaga wa Kibosho. Mke alisimama mbele ya lile shina la masale, akamwangalia shangazi, akauliza kwa upole, “Mama, hapa kuna nini?” Shangazi akasema ni majani tu. Mke akasema asante kwa mtori, na hawakurudi. Wa pili alikuwa mwenye duka la vipuri. Hakuuliza kitu. Aliyaona masale, akaangalia saa. Nyumbani kwetu kila mtu anajua kwamba masale hayaoti peke yake katikati ya uwanja. Yanapandwa mpakani, au yanashikwa mkononi na mtu anayeomba msamaha, au yanapandwa mahali ambapo mtu amezikwa. Na pale palikuwa si mpakani.

“Mama Godi,” Bwana Lomayani alisema jioni ile, akiwa amesimama maana hakujisikia kukaa, “hili jani linanifukuzia watu. Sikuulizi ni la nini. Nasema ling’olewe.”

“Halitang’olewa.”

“Basi nyumba haitauzwa.”

“Itauzwa,” shangazi akasema. “Njoo Jumatatu.”

Aliniambia siku ile, tukiwa jikoni tunamenya ndizi kwa ajili ya mteja wa kesho yake. Hakuacha kumenya. Mtoto alizaliwa nyumbani, wa kike, na siku ya tisa asubuhi aliacha kunyonya, mchana akafa. Ilikuwa Jumapili, miaka ile magari yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana kwa ajili ya uhaba wa mafuta, na hata Jumatatu mafuta ya kufika Marangu hayakupatikana kwa mtu asiye na mkubwa wa kumwandikia kibali. Eliamani alichimba mwenyewe. Alipanda masale juu yake na kumwambia mtoto, kwa sauti, kwamba watarudi kumchukua. Kisha alimwandikia baba yake kwamba mtoto amezikwa kwenye makaburi ya kanisa na mchungaji amemwombea. Hakuweza kumwandikia mzee kwamba mjukuu wake wa kwanza amefukiwa nyuma ya banda, kwenye kiwanja cha mjini.

“Kwa nini usimpeleke sasa?” nikauliza. “Kabla ya kuuza.”

“Kumhamisha ni mpaka wazee wa ukoo wakae. Mzee bado yuko hai, Aika. Nikifungua mdomo leo nimemfanya Eliamani mwongo mbele ya baba yake, naye hayupo wa kujibu. Mzee akishapumzika nitakuja. Atakayekuwa amenunua nitamlilia, ataniruhusu. Mimi nataka mahali pajulikane tu. Pajulikane na mimi, na wewe.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yake yote, na sikuona kosa ndani yake. Tengeru kulikuwa na shamba la kahawa linalong’olewa ili pajengwe nyumba za plastiki za kupandia maua ya kupeleka Ulaya, na mipaka yake ya zamani ilikuwa ya masale yaliyokomaa. Pikapu ilileta mashina thelathini na nane. Shangazi alisimamia upandaji akiwa na kanga kiunoni na kamba mkononi. Tulianza kwenye kona, tukafuata waya, na tulipokaribia kaburi mstari ukaacha waya, ukaingia ndani hatua mbili, ukalipitia lile shina la zamani, kisha ukarudi kwenye waya na kuendelea. Shina la zamani tulilipunguza urefu lifanane na mengine. Masika ilinyesha wiki hiyohiyo. Baada ya siku kumi na tano hungeweza kusema lipi lilikuwa la zamani, ila kwa kile kiwiko. “Penye kiwiko,” shangazi aliniambia, akafuta mikono kwenye kanga. “Hata nikiwa kipofu nitapapasa nifike.”

Mteja aliyekuja mwezi wa tano alikuwa mtu wa mawe wa Mererani, mtaratibu, mwenye pete moja tu, na alikuja na mama yake. Bibi yule alikuwa mfupi, amevaa sweta la kijani na viatu vya raba, na alisalimiwa shikamoo na kila mtu mpaka Bwana Lomayani ambaye hakuwa akisalimia mtu upesi. Alikula bakuli mbili za mtori. Alimwuliza shangazi ni wa ukoo gani, ameolewa ukoo gani, na akaonekana kuridhika na majibu. Tulipotoka nyuma, mwanawe alisifu uzio. Bibi hakusifu. Alitembea polepole kando ya masale, akishika jani hapa na pale, mpaka akafika kwenye kiwiko, akasimama.

“Mpaka wenu umepinda,” akasema.

“Ndivyo ulivyokaa, mama,” shangazi akajibu.

“Nani alimwachia nani?”

Shangazi aliwakaribisha ndani. Wiki iliyofuata shangazi aliitwa Marangu: mzee, baba mkwe wake, alikuwa ameanguka na hali haikuwa nzuri. Aliondoka asubuhi na kikapu cha dawa na kuniachia funguo. Jumatano Bwana Lomayani akaja bila mkoba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

“Yule bwana anaitaka nyumba,” akasema. “Lakini ameniuliza kama kuna kesi ya mpaka. Kwenu Wachaga mstari wa masale ndio mpaka, si ndiyo? Sasa ameona wenu umeingia ndani. Anaona jirani amewala hatua mbili na mama anaficha. Ananunua nyumba, binti yangu, hanunui kesi.”

“Hakuna kesi.”

“Mimi naamini. Yeye anakwenda Moshono kuangalia nyingine, na Jumamosi anapita hapa mara ya mwisho. Mstari ukinyooka, ananunua. Ukibaki hivyo, mimi nimechoka.”

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kama nilifikiri sana. Simu haikuwepo. Basi la Marangu lilikuwepo, na ningeweza kwenda na kurudi siku mbili, lakini nilimwona akilini shangazi akiwa kando ya kitanda cha mzee yuleyule ambaye hakutakiwa kusikia. Nilijua pia kwamba hakukuwa na mteja mwingine, na kwamba shule ya Godlisten ilikuwa imeshaandika barua mbili. Nilijiambia kinachotakiwa ni mahali, si majani. Nitanyoosha mstari, na mahali nitapawekea alama nyingine ambayo haisemi kitu kwa mtu mwingine.

Nilifanya kazi ile Alhamisi mchana, peke yangu, jua likiwa juu ya mlima. Kiwiko kilikuwa na mashina saba. Sita yalitoka kirahisi, yalikuwa hayajashika. La saba, la zamani, lilikataa. Nilipiga jembe mara mbili, nikasikia udongo ukijibu kwa sauti ya chini, nikaliacha jembe. Nilichukua panga nikakata mizizi juujuu, nikiwa nimepiga magoti, nikikata kimojakimoja na kugeuza uso pembeni kila nilipovuta. Sikuona kitu ila udongo mweusi na mizizi ya rangi ya chungwa. Niliyapanda yote saba kando ya waya, mstari ukanyooka kama rula, nikafukia shimo na kulikanyaga. Juu yake, katikati kabisa, niliweka jiwe moja lililopakwa chokaa ambalo lilikuwa limebaki kwenye mawe ya njia. Kisha nikaingia ndani kunawa. Daftari lilikuwa mezani. Niliandika: “Masale yamenyooshwa.” Sikupima kitu, kwa kuwa jiwe lilikuwepo.

Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta ndizi na nyama ya mtori wa mwisho. Niliporudi, Bwana Lomayani alikuwa uani na vibarua wawili wa Sombetini, wanamwagilia. Uwanja wote wa nyuma, kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye masale, ulikuwa umechimbuliwa na kupandwa ukoka.

“Zawadi yangu,” akasema, anafuta jasho kwa leso. “Palikuwa panaonekana kama pamekufa. Na jiwe lenu moja lilipotea njia, nimelirudisha kwa wenzake.”

Nilizunguka nyumba nikaenda mbele. Mawe yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za njia, meupe yote, na sikujua ni lipi. Nikarudi nyuma. Vipande vya nyasi vilikuwa vimeunganishwa vizuri, vinang’aa kwa maji. Nilisimama mahali nilipodhani ndipo, nikasogea, nikasimama tena. Shimo la mashina yale saba lilikuwa wapi, kulia kwa dirisha la jiko au mbele yake? Sehemu ya banda lililobomolewa, niliyokuwa naitumia kujipimia bila kujua, ilikuwa imefunikwa vilevile. “Umeipenda?” Bwana Lomayani akauliza. Nikamwambia nimeipenda. Jioni ile nilihesabu kwa kukumbuka, nikatembea, nikahesabu tena, na kwenye daftari, chini ya sentensi ya jana yake, nikaandika: “Hatua kumi na moja kutoka kona ya jiko, kuelekea mlimani.” Ilikuwa ni makisio. Niliandika kwa wino uleule na mwandiko uleule wa mambo mengine yote ambayo ni ya kweli.

Jumamosi bibi wa sweta la kijani alikuja tena. Alitoka nyuma kabla ya mwanawe, akasimama mlangoni mwa jiko.

“Umenyoosha,” akaniambia.

“Ndiyo, bibi.”

“Peke yako?”

“Ndiyo, bibi.”

Alitembea juu ya ukoka mpya, mahali fulani akasimama kwa muda, mikono nyuma, akiangalia chini. Nilidhani anapumzika. Kisha mwanawe akaita kutoka sebuleni, akarudi ndani, na kabla mtori haujapoa nyumba ilikuwa imenunuliwa. Mimi ambaye niliandika idadi ya mawe ya njia sikuandika bibi yule alisimama wapi.

Shangazi alirudi baada ya siku nne. Mzee alikuwa amepona, ataishi, na aliishi kweli, miaka mingi. Nilimpa habari za nyumba na alinikumbatia na kulia kidogo kwa furaha. Akachukua kikombe chake cha chai, akaenda mlangoni mwa jiko, kama alivyofanya kila siku. Nilibaki nyuma yake. Nilisikia kijiko kikiacha kukoroga.

“Aika. Kiwiko kiko wapi?”

Nilimweleza habari ya mpaka, na kesi, na Moshono. Nilimweleza haraka. Habari ya jiwe sikumweleza. Alisikiliza bila kugeuka.

“Na mahali?”

“Mahali napajua, Shangazi. Nimepima. Nimeandika kwenye daftari.”

Nyumba ilikuwa nusu tupu, na sauti yangu ilirudi kutoka vyumba vya ndani. Kisha akanywa chai yake, akasema, “Basi. Litunze,” na mabega yake yakashuka, na nikaona kwamba ameniamini. Nimeona watu wakiamini mambo mengi tangu siku ile, lakini sijaona tena mtu anayeamini kwa mgongo.

Daftari nililitunza. Tulikutana harusini, msibani, Krismasi, na kila mara, ukifika wakati wa kuagana, aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia afya ya mtoto, “Lipo?” Nikamjibu lipo. Mzee alipokufa hatimaye, shangazi alikuwa na miguu inayovimba, na mtu wa mawe aliyenunua nyumba naye alikuwa amekwisha kufa, na ikawa mwaka ujao, mwaka ujao. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mara nyingi kuliko nilivyo tayari kuzihesabu. Kila mara niliona yale mabega.

Kwa hiyo alipofariki, Godlisten na mimi tulikwenda Kijenge asubuhi ya siku moja kabla ya mazishi. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua kwamba, kwa miaka iliyopita, hakuna cha kufukua. Udongo wa mahali pake unatosha, utalazwa pembeni ya mama yake. Nyumba ni ya Witness, mjukuu wa yule bibi wa sweta la kijani. Hakuwepo, alikuwa safarini kikazi, lakini alimwagiza mlinzi kwa simu atufungulie geti. Rangi ilikuwa nyingine, madirisha ya alumini, jiko la nje limekuwa stoo lakini kona yake ni ileile. Masale yapo, yamenyooka, yamekuwa ukuta. Ukoka upo. Godlisten alikuwa na kitambaa cheupe na mwiko wa fundi. Nilifungua daftari mbele yake, ukurasa umekuwa wa rangi ya chai, nikamwonyesha mstari, akausoma kwa kidole. Nikaweka kisigino kwenye kona ya jiko, nikatembea hatua kumi na moja kuelekea mlimani. “Hapa,” nikasema. Akapiga magoti. Alichimba taratibu sana, akaujaza udongo kwenye kitambaa, na alipofunga fundo alisema, “Shikamoo dada,” kwa kuwa ndiye mkubwa wake. Udongo ule uko Marangu sasa, miguuni pa Shangazi Ndeshi, na shina jipya la masale limepandwa juu yake.

Baada ya kuanua matanga nilirudi Kijenge kumshukuru Witness. Nilimpelekea mkungu wa ndizi. Alinitengea chai nyuma, kwenye kibaraza kilichopo kati ya stoo na nyumba, akaomba radhi kwamba hakuwepo siku ile, akasema walikuwa wakijua siku zote kwamba kuna mtu.

“Mlijua vipi?” nikauliza.

“Bibi. Kila Pasaka, tukitoka kanisani, alikuwa anakuja na kikombe cha maziwa, anamwaga kidogo. Baba alipotaka kuweka mnara wa tenki la maji pale, bibi alikataa kabisa. Alisema kuna mwenyewe, na mwenyewe ana mama, atakuja. Tenki likawekwa mbele.” Akatabasamu. “Mlipapata, lakini? Bibi alikuwa amepashika tangu zamani, alisema aliona masale yalivyopinda kabla hayajanyooshwa.”

Nilimwomba anionyeshe. Aliweka kikombe chini, akavua ndala, akatembea juu ya nyasi bila kufikiri, kama mtu anayekwenda kwenye kabati la kwao, akasimama. Alama ya pale Godlisten alipochimba ilikuwa bado inaonekana, duara la udongo ambalo ukoka haujalifunika. Witness hakuwa amesimama karibu nalo. Alipoingia ndani kujibu simu, niliweka kisigino kwenye nyasi zilizolala alipokanyaga, nikapima mpaka kwenye lile duara. Ni hatua nne.

Godlisten amenipigia mara mbili wiki hii. Anataka nimpe nakala ya ukurasa ule, auweke kwenye fremu ukutani kwake, chini ya picha ya mama yake, watoto wake wajue. Nimemwambia nautafuta. Uko hapa mezani.